Kwa nini bibi zetu wanaishi miaka mingi hivi baada ya kukoma hedhi? Sayansi ya mageuzi inasemaje?

mama_wa_tabata

Habari zenu wadau, naomba mnisaidie, hili jambo limenikaa moyoni wiki nzima. Nimejifungua mtoto wa pili mwezi uliopita na mama yangu mzazi amekuja kutoka Lushoto kunilea uzazi, ana miaka 63. Alishuka kwenye basi na kiroba cha maharage, mfuko wa pilipili manga ya uji na khanga zake za kunifunga tumbo, na tangu siku ile nyumba inakwenda kwa mikono yake. Asubuhi ananikanda kwa maji ya moto, akimaliza anamwogesha kichanga, akimaliza anamshika huyu mkubwa wa miaka 3 ambaye tangu mdogo wake azaliwe hataki tena kula kwangu, anataka mkono wa bibi tu, yaani tonge mpaka bibi alipulize lipoe ndo afungue mdomo. Usiku wanalala wote.

Sasa kuna jamaa anafanya kazi na mume wangu alikuja kumwona mtoto, wakawa sebuleni wanapiga stori za sayansi, akasema kimageuzi mwanamke akishakoma hedhi kazi yake duniani imeisha, kwamba asili inachoangalia ni kuzaa tu na asiyezaa tena ni kama gari bovu linalosubiri kupimwa chuma chakavu. Alisema kwa utulivu kabisa. Mama alikuwa jikoni anapepeta mchele, nikasikia ungo umesimama, halafu baada ya muda ukaendelea. Hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu manake sikuwa na jibu, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Swali langu ni hili, kama asili inajali kuzaa tu mbona mwanamke anakoma kwenye 50 hivi halafu anaishi na nguvu zake mpaka 70 au 80? Na wanyama wengine wako hivyo? Aliyesoma haya mambo kiukweli anieleweshe, sitafuti maneno ya kunifariji, nataka kinachojulikana.

mchimba_mifupa

Dada hongera sana kwa mtoto, na mpe mama shikamoo yangu. Mimi nilisoma akiolojia chuo na hili ni moja ya maswali yaliyonifanya niipende ile fani kwahiyo nivumilie ntaandika kirefu kidogo.

Huyo jamaa ameanza njia sahihi ila ameishia katikati. Ni kweli uteuzi wa asili unapitia kwenye kuzaa, ila hauhesabu waliozaliwa, unahesabu waliofika utu uzima na wao wakazaa. Ukizaa 10 wakafa 9 na mwenzio akazaa 4 wakafika wote, yeye ndo kakuzidi. Sasa mtoto wa binadamu ni wa ajabu sana kwa hili. Sokwe jike anazaa kila baada ya miaka mitano hadi sita hivi, ananyonyesha karibu muda wote huo, na mtoto wake akiacha ziwa anajitafutia matunda mwenyewe. Wa kwetu anaachishwa ziwa na miaka miwili mitatu, na mama anabeba mimba nyingine wakati huyu wa kwanza hawezi hata kumenya kiazi. Miaka mingi mbele yake anakula jasho la watu wengine. Sasa mama ana kichanga kifuani, huyu wa miaka 3 nani anamlisha?

Jibu lilipatikana hapahapa kwetu Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe, wale wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini. Miaka ya 1980 walikuja watafiti watatu, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, wakakaa nao kambini, wakawa wanafuatana na akina mama porini wanapima saa walizofanya kazi, wanapima kwa mizani chakula kilicholetwa, na watoto nao wanapimwa uzito. Walitegemea kuona wanawake vijana ndo wachapakazi. Wakakuta akina bibi, waliokwisha kukoma kuzaa, ndo wanaotumia saa nyingi zaidi kuchimba mizizi. Makala yao ya kwanza kuhusu hao bibi ilitoka 1989, na nyingine ya 1997 ndo imebeba jambo ambalo nataka ulisome taratibu: kwa kawaida uzito wa mtoto ulikwenda na bidii ya mama yake kutafuta chakula, mama akihangaika zaidi mtoto ananenepa zaidi. Ila mama akishajifungua kichanga kipya ule uhusiano unapotea, manake mama kapunguza kutoka, na hapo uzito wa yule aliyeachishwa ziwa unaanza kwenda na bidii ya bibi.

Sasa rudi usome ulichoandika mwenyewe kuhusu huyo mkubwa wako na tonge la kupulizwa. Hujaeleza kitu kidogo hapo.

Hoja yao inakwenda hivi. Mayai ya mwanamke wa kibinadamu yanaisha kwenye umri usiopishana sana na ule ambao sokwe jike anafika mwisho wa uzazi wake, kwahiyo tusidhani binadamu anaacha kuzaa mapema sana. Kilichobadilika ni mwili uliobaki, umejifunza kuendelea kudumu. Hapo zamani sana bibi aliyekuwa na nguvu alimlisha mjukuu, binti yake akaweza kuzaa tena mapema, wajukuu wakawa wengi, na wajukuu hao wamebeba jeni za bibi aliyedumu. Vizazi na vizazi hali hiyo ikijirudia, maisha marefu yanaenea kwa wote, hadi wanaume tunafaidi. Kwahiyo kwa mtazamo huu miaka ya baada ya 50 ni sehemu ya kazi yenyewe, na huenda ndo iliyotuwezesha kuwa binadamu tunaozaa kwa karibu karibu namna hii.

kashindye_jr

Mkuu mchimba_mifupa umeeleza vizuri ila hapa sikubaliani. Watu wa kale wastani wa maisha ulikuwa miaka 30 na kitu, hao bibi wa miaka 60 walitoka wapi? Hospitali ndo zimetuletea wazee. Kukoma hedhi kumeonekana juzi tu baada ya dawa, zamani hakuna aliyefika huko.

mchimba_mifupa

Kaka hilo kosa hata walimu wanalifanya kwahiyo usijisikie vibaya. Wastani wa miaka 30 na kitu haumaanishi watu walizeeka wakiwa na 30. Chukua watoto wawili, mmoja akafa akiwa na mwaka 1 mwingine akafa na miaka 69, wastani wao ni 35 na hakuna kati yao aliyekufa na 35. Wahadzabe haohao wastani tangu kuzaliwa ulikuwa kama miaka 33, na hawakuwa na hospitali ya maana, kwasababu watoto wengi walikufa wadogo. Ila mwanamke wa Kihadzabe aliyefika 45 alikuwa bado ana kama miaka 20 mbele yake. Kuna watafiti wawili, Gurven na Kaplan, 2007 walikusanya takwimu za jamii nyingi za wawindaji na wakusanyaji wakakuta umri ambao watu wazima wengi zaidi wanafia unazunguka miaka 70. Hospitali imeokoa watoto. Bibi tulikuwa naye siku zote.

kashindye_jr

Hapo kwenye wastani nimeelewa, sikuwahi kufafanuliwa hivo tangu shule. Asante mkuu.

ticha_wa_form_six

Nami niongeze kwasababu dada kauliza kuhusu wanyama na hapo pana mambo mapya ambayo lazima yasemwe, tusije tukampa upande mmoja.

Wanyama wengi jike anazaa karibu mpaka anakufa. Wanaofahamika vizuri kuishi miaka mingi baada ya kukoma ni nyangumi wa aina chache wenye meno, na anayesomwa sana ni yule anaitwa orka, wa pwani ya Marekani na Kanada upande wa Pasifiki, wanafuatiliwa mmoja mmoja tangu miaka ya 1970. Jike wa orka anaacha kuzaa kwenye 40 hivi na anaweza kwenda mpaka 80 au zaidi. Anafanya nini? Miaka ambayo samaki wanaadimika ndo majike wazee wanaonekana zaidi mbele ya kundi wanaongoza wenzao kwenda kwenye chakula, maana wao wanakumbuka. Na dume zima lenye miaka zaidi ya 30, mama yake akifa, hatari ya kufa kwake ndani ya mwaka unaofuata inapanda mara nyingi sana. Dume lina miaka 30 na zaidi jamani, bado linamtegemea mama. Mimi nikiwafundisha wanafunzi hili darasa linanyamaza.

Ila sasa 2023 imetoka kazi kutoka Ngogo, msitu wa Kibale huko Uganda, watafiti wamefuatilia sokwe majike 185 kwa zaidi ya miaka 20 na kupima homoni kwenye mkojo, wakakuta hao wa Ngogo wanakoma kuzaa kwenye 50 kama sisi na baadhi wanaendelea kuishi, takriban sehemu moja ya tano ya maisha yao ya utu uzima ni baada ya uzazi. Na sokwe hawana bibi wa kulea! Binti akibalehe anahama kundi, kwahiyo mama mtu hakai na wajukuu wa binti. Ngogo chakula ni kingi na chui hawapo tena, labda ndo maana wanazeeka, sehemu nyingine hatukuwahi kuwaona wakifika huko. Kwahiyo hoja ya bibi haiwezi kuwa jibu la kila kitu.

Kuna maelezo ya pili, ya Michael Cant na Rufus Johnstone, 2008. Wanasema angalia vizazi vinavyopishana, binadamu ni wa pekee kwamba mama anamaliza kuzaa karibu na wakati binti au mkaza mwana anaanza. Wawili wakizaa kwenye nyumba moja watoto wanagombania chakula kilekile, na anayeingia, yaani mke wa mtoto, hana undugu na watoto wa mama mkwe, wakati mama mkwe ana undugu na wajukuu. Kwahiyo mzee ndiye mwenye sababu ya kupisha. Nilipoisoma hii nilimkumbuka marehemu mama, kwetu ilikuwa ni haya kubwa mwanamke kubeba mimba wakati mkaza mwana wake ana mimba, wazee walisema wazi kwamba sasa zamu imepita, kaa ulee. Sikudhani iko siku ntaikuta kwenye makala ya hesabu.

mwana_wa_Mangola

Nimeona Eyasi imetajwa nikaona nisipite. Mimi nimezaliwa Mang'ola, nyumbani tunalima vitunguu, Wahadzabe ni majirani zetu na utotoni nimeenda nao porini mara kadhaa.

Hao bibi ni kweli. Niwaambie nilichokiona kwa macho. Bibi mmoja mwembamba kabisa, miguu yake imekauka kama kamba, anakaa chini kabisa ameukunja mguu mmoja, ana mti wa kuchimbia aliouchonga ncha, anaupiga ardhini kwenye mawe, jiwe analinyanyua kwa ule mti kama mtaimbo anaweka pembeni, anapiga tena. Jua la saa saba. Wanawake vijana wawili wenye watoto mgongoni walikaa kivulini kwanza, yeye hajakaa kivulini. Kile kiazi wenyewe wanaita ekwa, jina linaanza na kidoko ambacho mimi mpaka leo siwezi kukitoa vizuri. Wanakiokota wanakichoma dakika chache tu kwenye moto wa vijiti, wanakimenya, unatafuna unanyonya maji yake halafu zile nyuzi unatema. Mtoto mdogo hawezi kukichimba kile kitu, mimi mwenyewe nikiwa na miaka 11 nilijaribu nikatoka na malengelenge, kiazi nimekiacha palepale.

Yule bibi alichimba mpaka kitambaa kikajaa, ndo akaanza kugawa, na wa kwanza alikuwa mtoto wa binti yake.

Ila ndugu zangu nina ombi. Mkiongea habari zao msiongee kama mnaongelea mabaki ya kale. Wale ni watu wa leo, wako kama 1,300 hivi, wana simu, wanakula ugali wa msaada, wana historia yao ndefu kama sisi. Mapori yao ya matunda yamelimwa, na wanaolima ni sisi, nasema sisi kwasababu shamba la baba yangu lipo pale. 2011 wale wa bonde la Yaeda walipata hati miliki ya kimila ya pamoja na imesaidia kulinda kipande. Watafiti wamejifunza mengi kutoka kwa bibi zao, dunia nzima inasoma, na yule bibi anahitaji bado pawe na mahali pa kuchimba.

mama_wa_tabata

Jamani nimesoma yote nikiwa nanyonyesha, machozi yananitoka. mchimba_mifupa ile sehemu ya mtoto aliyeachishwa ziwa nimemsomea mama kwa sauti. Akauliza "hao wazungu walipima na mizani?" Nikamwambia ndio. Akasema wangemuuliza tu wangeambiwa.

Nina maswali mengine mawili. La kwanza, je ni sawa bibi mzaa mama na bibi mzaa baba? Nauliza kwa nia njema kabisa kwasababu mama mkwe naye anataka kuja na sijui niwapangeje. La pili, mama anaamka saa tisa usiku kila siku, anakaa kitandani anasikiliza nyumba, kichanga akikohoa yeye ndo wa kwanza mlangoni. Mimi nilidhani ana mawazo au presha. Kuna chochote kwenye hilo?

ticha_wa_form_six

La kwanza nalijibu. Kuna takwimu za vijijini Gambia, zilianza kukusanywa 1950 na daktari mmoja wa Uskoti aitwaye Ian McGregor, baadaye Rebecca Sear na Ruth Mace wakazichambua. Mtoto aliyekuwa na bibi mzaa mama hai alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuvuka ule umri mbaya wa kuachishwa ziwa, na bibi mzaa baba hakuonyesha tofauti hiyo. Kuna kijimbo cha Ujerumani kinaitwa Krummhörn, kwenye vitabu vya kanisa vya zamani, huko ilionekana hata vibaya zaidi, mama mkwe akiwepo vichanga vilikufa zaidi, wakadhani ni kwasababu mkaza mwana alibanwa sana na kazi akiwa mjamzito. Sababu inayotolewa kimageuzi ni kwamba mama wa binti ana uhakika mjukuu ni damu yake, na pia anamhurumia binti mwenyewe, mwili wa binti ukichoka anaona.

Ila Finland na Kanada, karne ya 18 na 19, Mirkka Lahdenperä na wenzake 2004 walikuta kila miaka 10 mwanamke aliyoishi baada ya 50 ilimwongezea kama wajukuu wawili, na hapo faida ilipita kwa watoto wa kike na wa kiume. Kwahiyo inategemea na ndoa za mahali, nani anaishi na nani, mali iko mkononi mwa nani.

Bi_Mwanahawa

Mwanangu mama_wa_tabata, mimi nimekwisha kuwa mkwe na sasa nina wakwe, naomba nikusemeze. Hayo ya Ujerumani sitayabisha, mama wakwe wa hivyo wapo hata huku Tanga. Lakini mimi mama yangu alifariki nina miaka 17. Aliyenikanda uzazi wa kwanza, wa pili na wa tatu ni mama wa mume wangu. Mtoto wangu wa pili alipata surua, usiku mzima yule mama alimpakata, mimi nimelala na homa ya maziwa, asubuhi nikaamka nikamkuta ameegemea ukuta na mtoto kifuani, mkono umekufa ganzi hawezi kuunyoosha, hakunibughudhi kuniamsha. Hakuwa na damu na mimi hata tone. Mwache mama mkwe wako aje. Wapange mmoja mwezi huu mwingine mwezi unaofuata, wasigombanie jiko moja, hilo tu.

mchimba_mifupa

Shikamoo bibi, maneno hayo yana uzito kuliko jedwali. Na ni kweli kabisa, takwimu inaonyesha mwelekeo wa maelfu ya watu, haikuambii mama mkwe wako ni mtu gani.

Hilo la usingizi dada, umegusa kitu ninachokipenda sana. Kuna kazi ya 2017 hukohuko Eyasi, kwenye timu yupo mwanaakiolojia wetu Audax Mabulla. Waliwavalisha Wahadzabe wazima 33 vifaa kama saa mkononi vinavyosoma mtikisiko wa mwili, siku 20, usiku kucha. Katika siku zote zile 20 muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ni dakika 18 tu. Kila wakati kulikuwa na mtu macho, kwa kawaida kama wanane, hawakupangiana zamu wala nini, ni kwamba vijana wanachelewa kulala na wazee wanalala mapema na kuamka mapema. Kwahiyo kambi nzima inalindwa bila mtu kuteuliwa mlinzi, na wazee wana sehemu yao kubwa hapo. Watafiti wakasema labda kulala kidogo kwa wazee ambako tunakuita ugonjwa ni sehemu ya jinsi kundi letu lilivyolala salama porini kwa muda mrefu, wakati simba anazunguka.

Sisemi usimpime presha, mpime, ana miaka 63. Ila mama anayekaa macho saa tisa anasikiliza nyumba anaweza akawa mzima kabisa.

dereva_wa_usiku

Na sisi akina baba mbona hatutajwi? Au asili imetupa likizo. Nauliza kweli, mke wangu ana mimba.

mchimba_mifupa

Kaka hapo wanabishana mpaka leo. Hawkes anasema nyama kubwa inapatikana kwa nadra, siku nyingi mwindaji anarudi mikono mitupu, na akiua mnyama mkubwa kambi nzima inakula, si watoto wake tu, kwahiyo huwezi kusema analisha nyumba yake. Frank Marlowe naye alikaa na Wahadzabe miaka mingi, 2003 akaonyesha kwamba mke akiwa na kichanga ndo mume analeta chakula kingi zaidi nyumbani, asali ikiwemo, kuziba pengo la mke. Mimi nasimama na Marlowe kwenye hili. Leta asali kaka.

nuru_ya_asubuhi

Nasoma kwa heshima zote. Mimi naamini Mungu ametuumba na sikubaliani na habari za sokwe. Ila hii ya bibi kulisha mjukuu naikubali kwa asilimia mia, kwasababu ndivyo nilivyokuzwa. Dada kitu kimoja, isije ikawa hoja nzuri hii ikageuka fimbo ya kumchapia mama. Majirani zetu hapa wamemwachia bibi yao watoto sita, wazazi wako mjini, hela ya matumizi hawatumi, mama wa watu ana miaka 71 anabeba ndoo kichwani. Ukimuuliza mtoto wake anakwambia bibi ndo kazi yake, anafurahia wajukuu.

mwana_wa_Mangola

Umesema kweli ndugu. Na yule bibi wa kwetu niliyemweleza, jioni akirudi kambini wapo wanaomletea maji, asali ikija naye anamegewa, analala kwenye kibanda alichojengewa na binti yake. Hakuwa peke yake na watoto sita.

ticha_wa_form_six

Nakazia hapo kwa nuru_ya_asubuhi. Kwamba jambo limetusaidia kuishi miaka laki kadhaa haimaanishi tunamdai mtu alifanye. Mageuzi yanaeleza tulikotoka, hayaandiki mkataba wa kazi. Tukianza kusema "asili imemuumba bibi alee" tumerudi kulekule kwa yule jamaa wa chuma chakavu, tofauti ni kwamba tumempa gari safari nyingine.

mama_wa_tabata

nuru_ya_asubuhi na ticha hapo mmenigusa kuliko hata sayansi. Nilikuwa nimeshapanga moyoni mama akae mpaka mtoto atimize miezi sita, na sikuwa nimemuuliza. Jana nimemuuliza. Akaangalia pembeni kwanza, halafu akasema maharage yake ya Lushoto yanataka palizi na kuna kikundi chao cha kuweka na kukopa, yeye ndo mtunza funguo za sanduku, wanamsubiri. Kumbe ana maisha yake huko na mimi nilikuwa naona ni mama tu. Tumekubaliana anaondoka arobaini ikiisha, mama mkwe anapokea, na mume wangu ameomba likizo aanze yeye kulala na huyu mkubwa ili asije akashtuka bibi akiondoka.

Presha tumempima, iko sawa.

Halafu nikamuuliza mimi nilipozaliwa nani alimkanda. Akasema mama yake, ambaye mimi sikuwahi kumjua kwasababu alifariki kabla sijapata akili. Alitoka kijiji cha upande wa pili wa mlima kwa miguu, mvua imekata njia, akafika jioni amelowa na kuku wawili kwenye tenga. Kaka yangu alikuwa na miaka miwili na nusu, alikuwa ameacha kula. Bibi hakukaa hata kubadilisha nguo, alimchinja kuku mmoja, akachemsha, akamkalisha kaka mapajani akaanza kumlisha mchuzi kwa kidole.

Yule rafiki wa mume wangu anakuja Jumapili. Mama amesema "ntamkaribisha chakula, na stori hii ntamsimulia mimi mwenyewe."

Bi_Mwanahawa

Mpe salamu mama. Mwambie kuna mwenzake Tanga huku anaamka saa tisa.